Kila Mtu Anataka Iwe ya Julius Caesar

Mtu anayekuletea sarafu ya kale haji na swali. Anakuja na jibu, amelifunga pamoja na sarafu yenyewe ndani ya karatasi ya chooni, na kwako anachotafuta ni muhuri tu. Jibu ni lilelile kila mara: ya Julius Caesar. Sijui wale Warumi wengine walijisumbua kutawala kwa nini. Wapo waliokaa kitini miaka arobaini, wapo waliokaa miezi mitatu wakachinjwa, na wote walihakikisha nyuso zao zimegongwa kwenye fedha na kusambazwa kuanzia Uingereza hadi Syria. Bure. Huku mtaani kwetu hakuna anayewajua. Kila kipande cha fedha chenye mwanamume na pua ni cha Julius.

Naishi Colchester, mashariki mwa Uingereza. Warumi waliufanya mji huu koloni yao ya kwanza kisiwani mwaka 49, malkia Boudica akauchoma moto mwaka 60 au 61, wakaujenga upya, na leo ngome ya Wanormani imekaa juu ya msingi wa hekalu la mfalme Claudius katikati ya mji kana kwamba ni jambo la kawaida. Hapa ukichimba shimo la kupanda nyanya hujui utamwamsha nani. Kazi yangu ni kulea wazee, zamu ya usiku. Sarafu nimeambukizwa na jirani.

Jirani mwenyewe ni mzee mstaafu, ana mashine ile inayolia ikinusa chuma ardhini. Jumamosi huvaa buti, huomba ruhusa kwa mwenye shamba, huzunguka hadi jua kuzama, na hurudi na vizibo vya chupa, vifungo vya makoti, maganda ya risasi, na mara mojamoja Mrumi. Macho yake yamechoka, yangu bado bado. Kwa hiyo akipata kitu huja kunibishia hodi saa ambayo mtu wa zamu ya usiku ndiyo kwanza usingizi umemchukua, na mke wangu humfungulia, kwa sababu kwao Pangani mtu mzima haachwi mlangoni.

Kusoma dinari, sarafu ya fedha ya Warumi, si kazi ya pupa. Kisarafu chenyewe aghalabu hakifiki sentimita mbili kwa upana. Maandishi yanazunguka ukingoni bila kuacha nafasi kati ya neno na neno, U imeandikwa V, na karibu kila neno limekatwa mkia: IMP, AVG, COS, TR P, P P. Zaidi ya hapo, fundi aligonga kwa nyundo, moja moja, kutwa nzima, na siku nyingine mkono uliteleza. Nusu ya jina la mfalme ikabaki nje ya sarafu. Unaachiwa NINVS na kidevu, ujue mwenyewe.

Na humo mara nyingi utakuta CAES. Hapo ndipo watu wanaponishika shati. Julius alikuwa Caesar kwa ukoo. Augusto akalirithi jina kwa sababu Julius alimfanya mwanawe katika wosia, waliofuata wakalichukua, na ilipofika mwaka 69 Vespasian, ambaye hakuwa na undugu na Julius hata wa kuombea chumvi, naye akajiandika Caesar. Jina likawa cheo. Julius wa kweli uso wake uliingia kwenye dinari mwanzoni mwa mwaka 44 K.K., Mrumi wa kwanza kuwekwa kwenye sarafu za Roma akiwa bado anapumua, na tarehe 15 Machi mwaka huohuo maseneta wakamchoma visu. Ukipiga hesabu ya muda huo mfupi utaona kwamba kumpata kwenye shamba la viazi la Essex si jambo la kila Jumamosi. Mzee jirani hapigi hesabu hiyo. Nilipomwambia kwamba Julius wake ni Severus Alexander, kijana aliyeuawa na askari mwaka 235, aliichukua sarafu yake, akaniambia nipumzike, inaonekana zamu za usiku zinanichosha.

Rafiki wa kweli katika kazi hii ni herufi TR P. Ni kifupi cha mamlaka ya mtetezi wa raia, ambayo mfalme aliyahuisha kila mwaka na kuongeza namba. TR P VIII ni mwaka wa nane, huna haja ya kubishana na mtu. Mtawala anayehesabu miaka yake mwenyewe hadharani amekurahisishia kazi. Siku hizi wanapenda tusihesabu.

Shida kubwa ni akina Antoninus. Marcus Aurelius aliitwa Antoninus. Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna katika Libya ya leo, alitaka ukoo wake uonekane wa enzi na enzi, akambandika mwanawe jina hilohilo; huyo ndiye tunayemwita Caracalla, kwa jina la vazi alilopenda, jina ambalo dinari zake hazina habari nalo. Mwaka 218 kijana kutoka Syria akatangazwa kuwa mtoto wa Caracalla, naye akawa Antoninus. Huyo tunamwita Elagabalus. Kijijini kwa baba yangu kuna Juma Fundi, Juma Kisimani na Juma Madeni, na mgeni akimuulizia Juma huulizwa kwanza kama anadai au anadaiwa. Warumi hawakutuachia msaada wa namna hiyo. Inabidi uangalie uso: Caracalla mtu mzima ana ndevu fupi na sura ya mtu anayetafuta wa kugombana naye, Elagabalus mara nyingi ana nyota nyuma ya sarafu, na katika baadhi ya dinari zake kitu kama pembe kimemchomoza juu ya paji la uso. Mzee jirani alipoiona pembe hiyo alisikitika, akasema sarafu imeharibika. Nikamwambia hapana, aliyeharibika ni mfalme.

Uso ukigoma kusema, unakwenda kwenye uzito, na uzito una hadithi yake. Dinari ilianza karibu mwaka 211 K.K., katika vita vya Hannibal, ikiwa na zaidi ya gramu nne za fedha safi. Ikapungua kidogo kidogo. Nero akaipunguza tena mwaka 64, gramu na fedha pia. Severus akaishusha hadi karibu nusu yake ni shaba. Mwaka 215 Caracalla akaja na sarafu mpya, mfalme kavaa taji la miale ya jua, mkewe au mamaye kakalishwa juu ya hilali, na inavyoonekana watu waliambiwa waihesabu kuwa dinari mbili ilhali fedha iliyomo haikufika ya mbili. Wakusanyaji wanaiita antoniniano, kwa jina la walewale akina Antoninus. Ilipofika mwaka 270 fedha ndani yake ilikuwa chini ya sehemu tano kwa mia. Serikali ikiishiwa huanza na gramu, ikaja kwenye fedha, mwisho huichovya shaba kwenye fedha na kukukazia macho.

Sasa, mizani ya jikoni kwetu ni ya unga wa maandazi. Nilimweka mfalme Trajan juu yake ikasoma sifuri. Mke wangu akasema, "Basi hayupo." Nikanunua mizani ndogo ya mfukoni, ile inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, pamoja na vifuko vidogo vya plastiki vya kubana ili kila mfalme awe na chumba chake. Msomaji anayeishi Ulaya, na hasa msomaji mweusi anayeishi Ulaya, ameshajua tunakoelekea.

Nilikuwa stesheni nasubiri treni ya London, ambako kulikuwa na soko la wauza sarafu. Askari wawili na mbwa. Mbwa hakuwa na neno nami, lakini askari kijana aliona mfuko wangu umetuna, akaomba kwa adabu nitoe vilivyomo. Nikatoa mizani. Nikatoa vifuko. Nikatoa kioo cha kukuzia na sumaku, kwa sababu shaba na fedha havivutwi na sumaku lakini baadhi ya bandia huvutwa.

"Unapima nini na hii?"

"Caracalla."

Akaandika. "Ni aina gani hiyo?"

"Si aina. Ni mtu."

"Anaishi wapi?"

"Alishakufa."

"Lini?"

"Mwaka 217. Mwezi wa Aprili."

Kalamu ikasimama. "Alikufaje?"

Nami, badala ya kunyamaza, nikamjibu alichouliza: alikuwa safarini, akateremka kando ya njia kwenda haja ndogo, askari wake mwenyewe akamchoma jambia. Yule askari mwenye mbwa alisogea hatua moja nyuma. Ilibidi nifungue vifuko, nimwonyeshe mwenzake ndevu, maandishi na namba ya mwaka, huku treni yangu ikija na kuondoka. Alitazama kwa kioo muda mrefu, uso ukalainika, akanirudishia kwa vidole viwili, na akauliza kwa sauti ya mtu aliyegundua kitu:

"Ni Julius Caesar, eeh?"

Nyumbani Tanga hali si tofauti, ila huko wanatumia picha. Shangazi yangu, mwalimu mstaafu, alinipigia alfajiri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Nimekutumia Mrumi."

Nikafungua picha. Mwanamume mwenye masharubu yaliyochongoka, kofia ya chuma yenye ndege juu yake, na maandishi: GUILELMUS II IMPERATOR. Nikamwambia shangazi, kwa heshima zote, huyo ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, na hiyo ni rupia ya Afrika Mashariki ya Kijerumani.

"Imperator ni lugha gani?"

"Kilatini."

"Warumi walisema lugha gani?"

"Kilatini, shangazi."

"Sasa unabisha nini?"

Nikamwomba aigeuze. Nyuma kuna simba mbele ya mti, na jina la kampuni ya Kijerumani iliyoanza kugongesha rupia hizo mwaka 1890. Uzito wake ni gramu kumi na moja na ushei, kwa kuwa ilifuata rupia ya India; ingemeza dinari tatu na kubaki na njaa. Zaidi ya yote, sarafu imeandikwa mwaka kwa tarakimu, 1892. Shangazi akafikiri kidogo, akasema labda ni 1892 kabla ya Kristo.

Nisimlaumu sana. Alisoma *Juliasi Kaizari*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, na tangu hapo Roma kwake ni ile: Kaisari, Brutus, mazishi, hotuba. Lakini binamu yangu alijiunga na mazungumzo na mambo yakaharibika kabisa. Yeye ni wa kundi linaloamini kila jiwe lenye mkwaruzo ni alama ya mali aliyozika Mjerumani. Aliposikia neno rupia akataka ipimwe kwa mchele, maana kuna watu wanasema rupia ya kweli inavuta punje za mchele. Wakamwaga mchele kwenye sinia, wakaweka rupia katikati, familia nzima ikainama. Rupia haikuvuta kitu. Shangazi akakusanya mchele wake akaupika, na kwa mara ya kwanza siku ile kikafanyika kitu chenye maana.

Si kwamba pwani yetu haikujulikana na watu wa dola ya Roma. Kuna kitabu cha baharia mmoja wa karne ya kwanza, kwa Kigiriki, *Periplus* ya Bahari ya Eritrea, kinachoteremka pwani ya Azania hadi Rhapta, soko la mwisho alilolijua. Kinataja walicholeta wafanyabiashara: mikuki, mashoka, visu, vitu vya kioo. Kinataja walichobeba: pembe za ndovu, pembe za vifaru, magamba ya kasa. Dinari hazimo kwenye orodha yetu. Zimo kwenye ile ya India, na kweli India kusini wamefukua vyungu vyenye dinari za Augusto na Tiberius. Sisi tulipewa mashoka. Nilipomweleza shangazi hayo alisema hata leo ndivyo wanavyotufanyia.

Tiberius nilimtaja mara moja tu mbele ya watu, na najuta kwa niaba ya wote waliokuwepo. Ndiye aliyekuwa akitawala wakati wa ile habari ya Injili, Yesu anapoomba aonyeshwe dinari na kuuliza sura ni ya nani. Kwa hiyo dinari yake, yenye mwanamke aliyeketi nyuma na maneno PONTIF MAXIM, inatafutwa na Wakristo wa dunia nzima, na ingawa si adimu bei yake imepanda kuliko hadhi yake. Mzee mmoja wa kanisa tunalosali alishika yake, akaitazama kwa machozi, akaibusu, akauliza kwa unyenyekevu kama huyo kwenye sarafu ni Yesu. Swali lenyewe lilikuwa limejibiwa katika Injili, tena na Mafarisayo.

Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kutusaidia mtoto alipozaliwa. Mwanamke hodari, asiyependa uchafu, na aliyekuta kwenye dirisha la jikoni dinari nyeusi ya mzee jirani juu ya karatasi. Dinari hiyo ilikuwa imetugombanisha wiki kadhaa. Uso ulionekana wa mfalme Domitian, maandishi safi, lakini mizani ilisoma gramu mbili na nusu na mzee hakutaka kusikia habari za mizani. Mimi nilikuwa kazini usiku. Niliporudi asubuhi mama alikuwa amekaa kwa furaha, mbele yake ndimu mbili zilizokamuliwa, jivu la kuni za bustanini, na ule waya wa kusugulia masufuria.

"Nimekung'arishia kihela chako, baba."

Kihela kilikuwa chekundu. Domitian alikuwa ametoka na pua yake. Ngozi ya fedha imechubuka yote, ndani ni shaba tupu.

Mtu hamgombezi mama mkwe. Nilisema ahsante mama, nikaenda kuoga, nikakaa bafuni kuliko kawaida. Lakini nikiwa huko ndipo nilipoona kwamba yeye ndiye aliyeitambua sarafu ile kabla yetu sote. Ilikuwa bandia ya kale: kipande cha shaba kilichofunikwa utando wa fedha na kugongwa sura ya mfalme, kazi ya wahuni wa zama za Warumi wenyewe. Ndiyo maana ilikuwa nyepesi. Kuna hata sarafu halali za zamani za Jamhuri ya Roma zenye meno ukingoni kama msumeno, na wapo waliodhani kwamba meno hayo yalikatwa ili watu waone ndani ni fedha; wahuni nao wakakata meno kwenye za shaba kisha wakazifunika. Mzee jirani nilipomwonyesha alikaa kimya, halafu akaomba kuonana na mama. Nikatafsiri. Alisema ni miaka mingi hajaona uchunguzi uliofanywa kwa kujiamini kiasi hicho. Mama akajibu kwamba kama ana nyingine azilete, ndimu bado zipo.

Baada ya hapo sarafu zote nikaziondoa jikoni, isipokuwa moja ya Gallienus iliyokuwa ikiloweka kwenye glasi ya maji ya mvuke uliopozwa, ambayo ni njia salama ya kulainisha udongo, mradi uwe na subira. Nilibandika karatasi: USINYWE. Shemeji yangu alitoka Birmingham na kiu, na kusoma hakujawahi kuwa tabia yake. Gallienus aliuawa na maofisa wake mwenyewe mwaka 268 akiwa ameuzingira mji wa Milano. Alinusurika kufa mara ya pili kwa sababu aligonga jino. Shemeji akamtema kwenye kiganja, akamtazama, akamfuta kwa shati. Nadhani mmeshajua aliuliza nini.

Wale wa kununua wananipa shida tofauti, maana wao wamelipa. Rafiki yangu mmoja, Mkenya, dereva wa basi, alirudi kutoka likizo Italia na dinari ya Brutus aliyouziwa kwenye meza ya watalii.

"Angalia hii kitu vizuri. Hawa jamaa hawajui wanauza nini."

Ni kweli Brutus aligonga dinari kama hiyo mwaka 42 K.K. kulipa jeshi lake: mbele kichwa chake, nyuma kofia ya mtumwa aliyeachwa huru kati ya majambia mawili, na chini EID MAR, yaani katikati ya Machi, siku walipomuua Caesar. Mwanahistoria Cassius Dio aliiandika. Za fedha zilizobaki hazifiki wingi wa abiria wa mabasi mawili ya rafiki yangu. Moja ya dhahabu iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni mbili na nusu, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki kwa kuwa hati za ilikotoka zilikuwa za uongo. Hii ya rafiki yangu ilikuwa na gramu sita, mshono mwembamba umezunguka ukingo wote, na vitundu vidogo usoni kama ndui. Sarafu ya Mrumi iligongwa. Hii ilimiminwa kwenye kalibu.

"Muuzaji alikuwa nazo ngapi?" nikamuuliza.

"Bakuli mzima. Nilichagua ile safi."

Nilimfariji kwa habari za Mjerumani mmoja, Carl Wilhelm Becker, aliyefariki mwaka 1830, aliyechonga chapa za kugongea sarafu za kale kwa ustadi uliowatia wakusanyaji wa Ulaya wazimu. Inasimuliwa kwamba alizitia sarafu zake mpya kwenye sanduku lenye vumbi la chuma na grisi, akalifunga chini ya gari lake la farasi, akaenda kuwatembeza wazee wake barabarani hadi wazeeke. Leo za Becker zenyewe zina wanunuzi. Rafiki yangu akataka kujua kama naye akiifunga yake chini ya basi. Shangazi aliposikia kisa cha Brutus alisema hakushangaa: mtu amemuua mwenzake kwa kosa la kujikweza, hata miaka mitatu haijatimia naye kaweka sura yake kwenye hela.

Mzee jirani bado anaamini atampata Julius. Imani yake inatoka Hoxne, kijiji cha Suffolk si mbali na hapa. Novemba 1992 mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani, mwenzake akaenda kuitafuta kwa mashine, akakutana na hazina ya mwisho wa utawala wa Roma: sarafu 14,865, zaidi ya 14,000 kati yake za fedha, nyingi zikiwa zimekatwa kingo na watu waliokuwa wakikwangua fedha kidogo kidogo. Hawakumaliza kufukua wenyewe, waliita wanaakiolojia, na malipo yakafika pauni 1,750,000, wakagawana. Nyundo nayo iko makumbusho, British Museum. Tangu mzee aliposoma habari hiyo amekuwa mzembe na nyundo zake. Nina hakika anaziacha shambani makusudi. Msimu uliopita alirudi amelowa hadi kiunoni, uso umeng'aa, mkono nyuma ya mgongo. Alikuwa amepata nyundo. Si yake.

Huku Uingereza sheria ya mwaka 1996 inataka anayepata hazina aripoti ndani ya siku 14, na sarafu mbili au zaidi kutoka sehemu moja, zenye umri wa miaka 300 na zaidi na angalau sehemu kumi kwa mia ya fedha au dhahabu, ni hazina. Wapo maofisa wa kusajili vitu vya kale ambao watakutambulia bila malipo, tena bila kukununia. Nimemwelekeza mzee huko mara nyingi. Huenda, huambiwa ukweli, kisha huja kwangu kukata rufaa.

Nawe msomaji, kama una kisarafu cha fedha ambacho umeshaamua ni cha nani, nakusihi: usikisugue, usikitie ndimu, usiking'ate. Kiweke juu ya karatasi nyeupe mchana, piga picha pande zote mbili na ukingo wake, kipime kwa mizani inayojua gramu, andika kilipatikana wapi na nani alikushuhudia, halafu ndipo unitumie. Bei usiniulize. Hata ningeijua, nisingekwambia kabla hujaniambia umekitoa wapi.